Mto Mara Una Wenyewe Wengi

Hapana mkulima asiyejua ugomvi wa mfereji. Watu wawili wakitumia mfereji mmoja, yule aliye juu huona kwamba maji ni mengi, na yule aliye chini huona kwamba ni machache, hata ikiwa wote wawili ni watu wema na hapana aliyekusudia kumwonea mwenzake. Katika nchi kama Marakwet na Uchagani, ambako mifereji imechimbwa tangu zamani, wazee waliujua ugomvi huu vizuri. Kwa hiyo waliweka zamu, na mtu aliyeivunja zamu aliitwa mbele ya baraza akalipishwa. Shauri la Mto Mara ni shauri hilo hilo la mfereji, ila mfereji wenyewe una urefu wa kilometa 395, na walio juu na walio chini ni raia wa nchi mbili.

Mto huu huanzia katika vinamasi na chemchemi za Msitu wa Mau nchini Kenya, mahali palipo juu ya usawa wa bahari kadiri ya meta 2,900. Matawi yake makubwa ni mawili. La kwanza ni Nyangores, lipitalo karibu na mji wa Bomet. La pili ni Amala, lipitalo upande wa Mulot. Matawi hayo yakiisha kukutana, jina huwa Mara. Kisha mto huingia katika mbuga za Wamasai, hupokea maji ya Talek na ya Mto Sand, huvuka mpaka na kuingia Serengeti nchini Tanzania, halafu hugeukia magharibi kupita Mkoa wa Mara, hutawanyika katika vinamasi vikubwa, na mwisho humwaga maji yake katika Ziwa Victoria karibu na Musoma. Bonde lake lote lina eneo la kadiri ya kilometa za mraba 13,500. Katika sehemu tatu za bonde hilo, kadiri ya mbili ziko Kenya na moja iko Tanzania.

Yafaa kila msomaji aukumbuke mgawanyo huo, kwa maana ndani yake mna kiini cha mambo yote. Kenya ndiyo iliyo juu, nayo ina chemchemi na sehemu kubwa ya bonde. Tanzania ndiyo iliyo chini, nayo hupokea kile kilichosalia. Udongo ukichukuliwa na mvua kutoka shamba la kilimani, hausimami kwenye nguzo ya mpaka kuonyesha hati ya safari. Dawa ya mifugo ikimwagwa mtoni asubuhi, haitambui kwamba wanywaji wa huko chini wana bendera nyingine. Mpaka wenyewe asili yake ni mstari ulionyooka ambao Waingereza na Wadachi waliupiga katika ramani mwaka 1886, kutoka pwani hata Ziwa Victoria, wakiupindisha penye Mlima Kilimanjaro tu. Mstari ule uliwakata Wamasai na Wakuria, hata leo ndugu wa ukoo mmoja wako huku na huku. Na mto nao uliukata vivyo hivyo. Lakini maji hayakuupokea mstari ule, nayo yameendelea kufuata mteremko.

Sasa, ni jambo gani lililoharibika? Jibu huanzia msituni. Msitu wa Mau, wenye eneo la kadiri ya hekta 400,000, ndio mama wa mito kumi na miwili, ambayo huyalisha maziwa ya Victoria, Turkana, Baringo, Nakuru na Natron. Kamati iliyowekwa na Serikali ya Kenya ilitoa taarifa yake mwaka 2009, ikaonyesha kwamba kadiri ya robo ya msitu huo ilikuwa imepotea katika miaka isiyozidi ishirini. Sehemu nyingine iligawanywa kwa amri, sehemu nyingine ilivamiwa tu, na miti ikawa mbao, makaa na mashamba. Wataalamu waliolinganisha picha zilizopigwa kutoka angani kati ya mwaka 1973 na 2000 waliona katika bonde la Mara kwamba msitu ulipungua kadiri ya theluthi moja, na mashamba yakaongezeka kupita maradufu.

Watu wengine husema kwamba miti hunywa maji, basi miti ikikatwa maji yatazidi. Katika neno hilo mna ukweli kidogo na hatari nyingi. Ni kweli kwamba mti hunywa, na mkaratusi uliopandwa kando ya chemchemi unaweza kuikausha. Lakini msitu wa asili una kazi nyingine iliyo kubwa zaidi. Mvua ikianguka juu ya majani na takataka za msituni, hushuka polepole, huzama udongoni, nayo hutoka katika chemchemi baada ya siku nyingi, hata wakati wa kiangazi. Mvua hiyo hiyo ikianguka juu ya ardhi tupu iliyokanyagwa na mifugo, haina nafasi ya kuzama. Hukimbia juu ya ardhi, huchukua udongo mzuri, hujaza mto kwa siku mbili au tatu, kisha hutoweka. Kwa hiyo nchi iliyokatwa miti huona misiba miwili inayoonekana kama kupingana, lakini ni mapacha: gharika wakati wa masika na ukame wakati wa kiangazi. Mvua yaweza kuwa ile ile ya miaka yote. Ghala la kuiweka ndilo lililobomolewa.

Udongo uliochukuliwa kutoka juu haupotei. Huenda kulala chini, katika vinamasi vya Mkoa wa Mara. Vinamasi hivyo vimepanuka sana tangu miaka ya 1970, na sababu moja iliyotajwa na wataalamu ni matope yaliyoteremshwa na mto. Mtu aliyekuwa na shamba au malisho kando ya mto huko Tanzania aliweza kuona mahali pake pakigeuka kuwa mafunjo na maji, bila ya yeye mwenyewe kukata mti hata mmoja. Ndivyo isemavyo methali, mchuma janga hula na wa kwao. Na katika bonde la mto, wa kwao ni pamoja na watu asiowajua wala hatawaona.

Wenye haja na maji haya ni wengi. Kuna wakulima wadogo wa chai, mahindi na viazi huko juu. Kuna wenye mashamba makubwa ya kumwagilia maji katikati. Kuna wafugaji wenye ng'ombe na mbuzi. Kuna miji inayokua, ambayo huhitaji maji safi na ambayo maji yake machafu hurudi mtoni. Kuna kambi na hoteli za watalii. Upande wa Tanzania kuna wavuvi, wakulima, na wachimbaji wa dhahabu. Tena kuna wanyama wa mwitu. Nyumbu zaidi ya milioni moja huzunguka kila mwaka kati ya Serengeti na Masai Mara, na katika safari yao hiyo Mara ndio mto mkubwa pekee unaotiririka mwaka mzima. Mto huu ukikauka katika kiangazi kikali, wanyama hawana pengine pa kwenda. Na wanyama wakifa, fedha za watalii zitapungua Nairobi na Dar es Salaam, na watu walioajiriwa katika kazi hizo watarudi nyumbani mikono mitupu.

Hofu hiyo si ya hadithi. Kwa muda mrefu kulikuwa na shauri la kuchepusha sehemu ya maji ya Amala na kuyapeleka katika bonde la Ewaso Ng'iro ya kusini, ili yazungushe mitambo ya umeme. Mwaka 2002 wataalamu waliopiga hesabu ya jambo hilo walionya kwamba kuchepusha maji, pamoja na kukata msitu na kumwagilia mashamba, kungeweza kuleta maangamizi kwa nyumbu mwaka ambao mvua ingekosekana kabisa. Umeme ni jambo jema, na Kenya inauhitaji. Lakini hapo ndipo inapoonekana haja ya mashauri, kwa kuwa mwamba ngoma huivutia kwake, na nchi iliyo juu yaweza kuvuta ngozi mpaka ipasuke, bila ya kusikia sauti ya aliye chini.

Afrika ya Mashariki imekwisha kuona mfano wa mapatano ya maji yaliyofanywa bila ya wenyewe kuulizwa. Mwaka 1929 Uingereza na Misri zilipatana juu ya maji ya Nili. Kwa mapatano hayo, makoloni ya Kiingereza yalikatazwa kufanya kazi yo yote katika mto huo, matawi yake na maziwa yake, ambayo ingeyapunguza maji yaendayo Misri, isipokuwa Misri imekubali. Kwa kuwa Mara huingia Ziwa Victoria, na ziwa hilo ndilo huutoa Mto Nili pale Jinja, mkulima wa Bomet aliguswa na mapatano yale, naye hakujua hata kwamba yamefanywa. Mwaka 1962 Serikali ya Tanganyika huru ilitangaza kwamba haifungwi nayo, na rai ile hata leo huitwa kwa jina la Mwalimu Nyerere. Funzo lake ni wazi: mapatano ya maji ambayo hayakuwaingiza wanywaji hayadumu mioyoni mwao, hata yakiwa yametiwa sahihi na wakubwa.

Katika miaka iliyofuata njia nyingine ilijaribiwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyovunjika mwaka 1977, iliundwa upya kwa mkataba uliotiwa sahihi mwaka 1999. Mwaka 2003 Kenya, Tanzania na Uganda zilipatana juu ya kulitunza bonde la Ziwa Victoria, na ikaundwa Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, ambayo makao yake yako Kisumu. Mwaka 2012 mawaziri wa Jumuiya waliamua kwamba tarehe 15 Septemba ya kila mwaka iwe Siku ya Mara, ifanywe kwa zamu, mwaka huu Kenya na mwaka ujao Tanzania. Tarehe hiyo ilichaguliwa kwa kuwa huangukia majira ya nyumbu kuvuka. Na mwaka 2015 Serikali za Kenya na Tanzania zilitia sahihi hati ya maafikiano ya kuyasimamia maji ya Mara pamoja.

Mtu mwenye shaka atauliza, je, hati na sherehe zimeongeza maji hata ndoo moja? Swali hilo ni halali, wala halifai kudharauliwa. Sherehe peke yake haipandi mti. Lakini kabla ya hapo hapakuwa na siku ambayo mkulima wa Bomet na mvuvi wa Musoma waliitwa kuketi pamoja na kuusikia upande wa pili. Watu wasiojuana hulaumiana kwa urahisi. Mwezi wa Machi mwaka 2022, upande wa Tanzania, maji ya mto yaligeuka meusi na samaki wakafa. Kamati ya Serikali ilichunguza, ikautaja uchafu wa mifugo kuwa sababu. Wananchi wengi hawakuridhika na jawabu hilo, na maneno yakawa mengi. Mambo ya namna hiyo hayamalizwi kwa maneno. Humalizwa kwa vipimo vya maji vilivyochukuliwa kila siku, miaka yote, juu na chini, na kuwekwa mahali ambapo kila upande waweza kuvisoma na kuviamini.

Hapo yafaa kusema neno juu ya karani. Watu hudhani kwamba kuulinda mto ni kazi ya mwenye jembe na askari wa msitu tu. Kumbe katika vituo vya kupimia maji kuna mtu ambaye kazi yake ni kusoma kipimo kilichosimikwa mtoni na kuandika tarakimu katika daftari. Akiwa mvivu, akaandika tarakimu za jana kwa kuwa mvua inanyesha na njia ina matope, basi wahandisi wa nchi mbili watapiga hesabu zao juu ya uongo. Ndivyo ilivyo pia kwa karani anayeandikisha vibali vya kuteka maji. Mto una kiasi chake. Vibali vikitolewa kupita kiasi hicho, au pampu zikiwekwa bila ya kibali huku afisa amefumba macho, mto utauzwa mara mbili kama shamba la tapeli.

Sheria za nchi zote mbili zimeweka msingi mmoja mwema. Katika Kenya, tangu sheria ya maji ya mwaka 2002 na ile ya 2016 iliyoifuata, na katika Tanzania kwa sheria ya mwaka 2009, kuna akiba ya maji ambayo haigawanywi kwa mtu ye yote kabla ya kutimizwa. Akiba hiyo ni ya haja za lazima za binadamu, kama kunywa, kupika na kuoga, pamoja na maji yanayoutosha mto wenyewe na viumbe vyake. Mashamba ya kumwagilia na viwanda huja baadaye. Lakini sheria hazilingani katika kila jambo. Kanuni za maji za Kenya za mwaka 2007 ziliweka ukanda wa kando ya mto usiolimwa kuwa kati ya meta 6 na 30 kwa kadiri ya upana wa mto, na sheria ya mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 iliweka meta 60. Mto ni mmoja, na kipimo cha heshima yake ni viwili. Kusawazisha mambo kama hayo ndiyo kazi hasa ya ushirikiano, nayo ni kazi ya subira ambayo haina ngoma wala picha katika magazeti.

Tena haki inataka lisemwe neno la pili. Mzigo wa kuutunza mto huelemea zaidi watu wa juu, na faida yake huonekana zaidi chini. Kuutoa ukingo wa mto katika kilimo ni kupoteza mistari kadhaa ya mahindi, na kwa mtu mwenye eka mbili hasara hiyo si ndogo. Watu waliotolewa katika Msitu wa Mau mwaka 2009, na tena mwaka 2018 na 2019, waliona taabu kubwa. Wengine walikuwa na hati mikononi ambazo waliambiwa hazina nguvu. Basi asiwepo mtu wa mjini anayemnyoshea kidole mkulima wa kilimani na kumwita mharibifu, huku yeye akinywa maji hayo na kuyasahau. Anayefaidi yafaa asaidie: kwa bei nzuri ya mazao ya yule anayehifadhi udongo, kwa miche, kwa mafundisho, na kwa sehemu ya fedha za utalii kurudi huko chemchemi zilipo.

Kazi yenyewe, hata hivyo, huanza katika shamba la mtu mmoja mmoja, nayo haingoji mawaziri. Chama cha Watumiaji Maji cha Mto Mara kilianzishwa mwaka 2003, na vyama vidogo vya matawi ya mto vimeendelea kuundwa. Tanzania nako ziko jumuiya za watumiaji maji chini ya bodi ya bonde yenye makao Mwanza. Mkulima asiyekuwamo ajiunge, kwa maana zamu hupangwa na wale waliohudhuria. Shamba la mteremkoni litiwe matuta yanayofuata usawa wa kilima, na juu ya matuta yapandwe majani ya nepia, ambayo hushika udongo na kumlisha ng'ombe. Ukingo wa mto uachiwe miti ya asili na mianzi, na mikaratusi ipelekwe mbali na chemchemi. Mifugo inyweshwe katika birika lililo kando, badala ya mamia ya kwato kuubomoa ukingo kila siku. Chupa na pampu za dawa zisioshwe mtoni. Na paa la bati la nyumba likiwa na mfereji na tangi, maji ya mvua yatakayowekwa hapo yatapunguza ndoo zinazotekwa mtoni wakati wa kiangazi.

Hayo ni mambo madogo yanayojulikana, na Mabwana Shamba wameyasema kwa miaka mingi mpaka watu wakachoka kuyasikia. Lakini bonde la Mara halikuharibiwa na jitu moja lenye shoka moja. Liliharibiwa na maelfu ya watu, kila mmoja akikata kidogo, akilima kidogo karibu zaidi na maji, na kusema kwamba sehemu yake haidhuru. Haba na haba hujaza kibaba, na vivyo hivyo hukiondoa kilichomo. Wakati wa kiangazi maji ya Nyangores yanayopita chini ya daraja la Bomet yana safari ndefu mbele yao, na huko mwisho wa safari kuna mwanamke wa Butiama au wa Rorya ambaye ameshika ndoo akiyangoja. Hana kura katika Bomet, wala hana baraza ambamo aweza kumshitaki aliye juu. Haki yake iko katika mikono ya watu wasiomjua, na ushirikiano wa nchi mbili maana yake ni kwamba watu hao wafanye kana kwamba wanamjua.